Ng'ombe Walioolewa

Wiki iliyopita nilitumiwa video ya mazishi. Aliyeituma ni mtu niliyefanya naye kazi katika maabara ya mifugo ya Bujumbura tulipokuwa vijana, na chini yake aliandika maneno machache tu: Dogiteri Anselimi ametutoka, tumuombee. Niliitazama nikiwa nimesimama jikoni, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Palikuwa na jeneza lenye maua, hema jeupe, miavuli hapa na pale, na mwanamume mwenye sauti nzuri ya kusomea akieleza maisha ya marehemu. Akafika kwenye miaka ya vita. Akasema kwamba wakati kila mtu alikuwa amefunga mdomo, Dogiteri Anselimi aliufungua wake. Kwamba alikwenda yeye mwenyewe mtaani Buyenzi, nyumba kwa nyumba, akawaambia kina mama ukweli juu ya maziwa mabaya ya mkubwa mmoja wa jeshi, na akaitwa kuhojiwa kwa ajili hiyo. Watu wakapiga makofi. Makofi, mazishini. Nilizima simu, nikaiwasha tena, nikarudisha nyuma, nikasikiliza mara ya pili kama mtu anayechokonoa jino bovu kwa ulimi. Mimi nilikuwapo. Mwaka ule mzima nililala Buyenzi, na nyumba kwa nyumba hakwenda. Alikwenda nyumba moja, mara moja, na sikumsikia aliyesoma wasifu ule akisema alichokwenda kufanya.

Nilifika Bujumbura kwa meli ya mizigo kutoka Kigoma. Vikwazo vya majirani vilikuwa vimeondolewa, vita vilikuwa bado havijaisha. Chuo changu kilimtaka kila mwanafunzi wa tiba ya mifugo afanye mazoezi ya kazi kabla ya kumaliza. Wenzangu walitawanyika Dodoma na Tanga, mimi nilitaka maabara ya maziwa, na ya karibu iliyokubali kunipokea ilikuwa ng'ambo ya mpaka. Watu waliniuliza kama nina akili timamu. Nilikuwa nazo, za umri ule, ambazo humwambia mtu kwamba risasi zinawatafuta wengine. Nilipata chumba cha uani kwa Mama Shabani, mjane aliyeuza vitenge sokoni, mtu wa Buyenzi wa tangu na tangu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa barabara. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, msumari wa kutundikia nguo, na dirisha ambalo chini yake, upande wa nje, palikuwa na cherehani ya Zaituni. Zaituni alikuwa mke wa Shabani, na Shabani alikuwa fundi wa magari aliyevuka mpaka kwenda Uvira kutafuta kazi, barabara ikafungwa nyuma yake. Kila asubuhi niliamshwa na cherehani hiyo, trrr, kimya, trrr, na mazungumzo ya wanawake wawili ambao hawakujali kama kuna mtu amelala.

"Mutanzania ameamuka?"

"Apana bado. Ule akiamuka utasikia. Akiomba maji utazani anasoma habari ya redio."

"Muache. Kiswahili yake ni ya kitabu. Itazoea."

Nilicheka ndani ya shuka. Nilipotoka tulikaa wote watatu kwenye mkeka, tukanywa chai na mandazi, na mchana, siku nisizokwenda kazini, tukala ugali wa muhogo na ndagala wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani ambao kwetu tunawaita dagaa. Nimekula vyakula vingi tangu hapo, katika nyumba zenye meza ndefu. Sijakula tena ndagala kama wale, waliokaangwa kwa mawese mpaka vichwa vyao vinavunjika mdomoni kama biskuti.

Zaituni alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na ya tatu ilikuwa kama mgeni wa heshima ambaye nyumba nzima inatembea kwa vidole asije akaudhika. Mama Shabani hakumruhusu anyanyue ndoo. Hakumruhusu acheke sana. Na kila asubuhi alimsimamia mpaka amalize bilauri kubwa ya maziwa mabichi, yenye joto la ng'ombe bado, aliyoyaleta Barinabe kwa baiskeli kutoka shamba lililokuwa upande wa barabara ya Gatumba. Mwaka ule maziwa mabichi yalikuwa adimu. Milimani njia zilikuwa zimefungwa, ng'ombe wameibiwa au wamekimbizwa, na mtu mwenye mchuuzi wa maziwa anayefika mlangoni pake alijiona amependelewa. Barinabe alilijua hilo. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyelelewa na ng'ombe, na alikuwa na sharti moja: maziwa yake hayachemshwi. Alinusa hewa ya uani kabla ya kufungua dumu.

"Nani amechemusha?"

"Hakuna mutu amechemusha, Barinabe. Ni uji ya unga," Mama Shabani alijibu.

"Juu ukiichemusha hapa, ng'ombe inaungua matiti kule iko. Inakauka. Nikisikia mumeipika, sirudi."

Hakuwa akitishia. Aliamini hivyo kama ninavyoamini mimi kwamba maji hushuka bondeni, na babu yake aliamini, na Mama Shabani, ambaye kwao hawakuwahi kufuga hata mbuzi, alikubali kwa sababu hakutaka kumpoteza, na pia kwa sababu yeye mwenyewe aliona kwamba maziwa yaliyopikwa yameuawa nguvu.

Sasa maabara. Ilikuwa nyumba ndefu ya rangi ya samli, yenye mnuko wa spiriti na wa samadi, na Dogiteri Anselimi ndiye aliyekuwa mkuu wake. Nataka kuwa wa haki kwake, ingawa nina hasira, au kwa sababu nina hasira. Alikuwa mwalimu mzuri kuliko wote niliowahi kuwa nao. Alinifundisha kumshika ng'ombe mkia bila kumtisha, kusikiliza tumbo lake, kumtazama usoni kabla ya kumtazama ugonjwa. Na alinifundisha kipimo cha pete. Unatia maziwa kwenye bomba dogo la kioo, unadondosha tone la dawa ya buluu, unatikisa taratibu, unaliweka bomba kwenye maji ya vuguvugu. Unangoja saa nzima. Malai, yale mafuta ya maziwa, hupanda juu. Ikiwa ng'ombe ni mzima, malai hubaki nyeupe na maziwa chini hubaki na rangi ya buluu. Lakini ikiwa ana ule ugonjwa unaowafanya ng'ombe watupe mimba, malai hujivutia rangi yote, na chini maziwa hurudi meupe kabisa, safi kwa macho, na juu yake panakaa duara moja la buluu, limefungwa vizuri, kama pete kwenye kidole. Ni kitu kizuri. Sijui kwa nini maumbile yaliona ni sawa kukipamba kitu kile.

"Usiangalie kwa haraka, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza, akilinyanyua bomba kwenye mwanga wa dirisha. "Unaona? Huyu amevaa pete. Huyu ameolewa."

Wasaidizi wake walicheka, na mimi nikacheka. Ndivyo walivyosema pale. Ng'ombe mwenye ugonjwa ni ng'ombe aliyeolewa. Kundi lenye ugonjwa ni arusi. Utani ulianza zamani, kabla ya vita, waliniambia, na vita vilipokuja ukageuka kuwa kitu kingine, kwa sababu simu zilikuwa na masikio na makundi mengi ya ng'ombe sasa yalikuwa ya watu ambao hakuna aliyetaka kuwapelekea habari mbaya. Basi walikuwa wakisema kwenye simu, "Kule kuna arusi," na aliyekuwa wa ndani akaelewa. Nilijifunza lugha hiyo kwa wiki moja. Nilijivunia, nakumbuka. Mgeni yeyote hujivunia siku anayoanza kuelewa wenyeji wanachocheka.

Shamba la barabara ya Gatumba lilikuwa la koloneli mmoja ambaye jina lake halitajwi hapa, na halikutajwa pale pia, walisema Mkubwa. Ng'ombe wake hawakuzaliwa shambani mwake. Waliokotwa barabarani, kwenye vilima ambavyo wenyeji wake walikuwa wamekimbia au wameuawa, wakachanganywa pamoja, wa huku na wa kule, wazima na wagonjwa, mpaka wakaanza kutupa mimba mmoja baada ya mwingine. Msimamizi wa shamba akatuletea maziwa yao tuyapime. Dogiteri alinipa mimi kazi hiyo, niizoee. Nilipanga mabomba, nikadondosha, nikangoja. Saa ilipokwisha niliyanyanyua kwenye mwanga, moja baada ya jingine, na karibu kila moja lilikuwa na duara lake la buluu. Nilimwita. Alisimama nyuma yangu, akayahesabu mabomba.

"Arusi kubwa," alisema.

"Tutamwambiaje?"

"Tutamwambia ng'ombe zinakosa chumvi."

Nilidhani ni utani mwingine. Haukuwa. Msimamizi alirudi na jibu la chumvi, na Dogiteri akaniita ofisini, akafunga mlango, akanieleza kwa upole mambo ambayo nayajua mpaka leo kwa moyo: kwamba jibu la kweli lilikuwa kuwachinja wengi wao, kwamba hakuna mtu anayemwambia koloneli achinje ng'ombe wake, hasa ng'ombe ambao kila mtu anajua si wake, kwamba maabara ina watu na watu wana watoto. Aliogopa. Sitamlaumu mtu kwa kuogopa katika mji ule, mwaka ule; mimi mwenyewe nililala nimevaa viatu mara nyingi. Hofu naijua, na ndiyo maana sikubali itumiwe kufunika mambo ambayo haikuyafanya.

"Maziwa hayo yananywewa Buyenzi," nilimwambia. "Nyumbani ninakoishi kuna mwanamke mjamzito anayanywa mabichi."

"Mwambie achemushe."

Nilimwambia jioni hiyo hiyo, kwenye mkeka, mbele ya Mama Shabani, kwa Kiswahili changu cha redio. Nilisema yote: ugonjwa, jina lake, kwamba unapita kwenye maziwa mabichi, kwamba unaleta homa ya kuja na kuondoka na unaweza kumharibia mwanamke mimba. Zaituni aliweka mkono tumboni. Mama Shabani aliweka chini kikombe chake.

"Dogiteri wako amesema ivo?"

"Anajua."

"Sikuulize anajua. Nakuuliza amesema? Juu Barinabe akisikia tumechemusha, hatarudi, na huyu anakunywa nini? Maji? Ameshapoteza wawili akiwa anakunywa maji."

Asubuhi iliyofuata alivaa kitenge kipya, akamshika Zaituni mkono, wakafuatana nami mpaka maabara. Nilifurahi. Nilifikiri, sasa. Dogiteri alitoka na koti lake jeupe, akawapa mkono wote wawili.

"Karibuni wamama. Mumekuja kumuona mutoto wenu?"

"Tumekuja kukuona we, Dogiteri," Mama Shabani alisema. "Huyu mutoto anatuambia maziwa ya Barinabe iko na ugonjwa. Mi siwezi kumunyima mukwe wangu maziwa juu ya maneno ya mwanafunzi. Sema we mukubwa. Zile ng'ombe ziko namna gani?"

Alinitazama. Akatazama dirishani, ambako palikuwa na watu wawili watatu wakingoja dawa za mbuzi. Kisha akatabasamu, tabasamu lake zuri, la mwalimu.

"Zile ng'ombe, Mama? Zile zote zimeolewa. Zote. Arusi kubwa."

Nyuma yake wasaidizi wake wawili walicheka, mmoja akageukia ukutani.

"Mashallah," alisema Mama Shabani, uso umefunguka. Kwake yeye kuolewa kulikuwa kuwekwa pazuri, kutunzwa, kuwa na kwenu. Angesikia nini kingine? "Kwa hiyo iko sawa."

"Nimekuambia, Mama. Zimeolewa."

"Mama, hiyo ni lugha ya humu ndani," nilisema. "Maana yake wanaumwa. Wana ule ugonjwa niliokwambia jana. Zaituni asinywe."

Dogiteri aliweka mkono begani kwangu, bila kunibana.

"Huyu ni stajieri, mwanafunzi tu. Amesoma vitabu mingi, hajaona ng'ombe mingi. Tumusamehe."

Mama Shabani alinisamehe palepale. Waliondoka wamefarijika, yaani yeye alifarijika. Zaituni aligeuka mlangoni akawatazama wale wawili waliocheka, akawatazama vizuri, kama anayepima kitambaa kwa jicho. Tulipobaki kwenye ujia, Dogiteri aliniambia, akinong'ona, "Nimemuambia ukweli. Umesikia mwenyewe. Nimemuambia." Na hilo ndilo lililonipandisha damu wakati ule na linanipandisha sasa nikiwa na mvi. Angedanganya waziwazi ningesema aliogopa. Yeye alitaka yote mawili: asiseme, na awe amesema. Alimpa mwanamke ukweli umefungwa kwa kamba ambayo hakumpa kisu cha kuikatia, kisha akaenda kunawa mikono kwenye sinki.

Jumapili alinialika kwake chakula cha mchana, nadhani kunipoza. Ilikuwa nyumba nzuri, yenye pazia za kufumwa na picha za mahafali. Mkewe alipika kuku na ndizi. Katikati ya meza palikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga, na binti yao, mtoto wa miaka sita mwenye pengo mbele, alikuwa akijichotea kwa kijiko na kuyalamba makavu. Kwa kutafuta tu la kusema nilimuuliza kama anapenda maziwa.

"Napenda ya unga."

"Na ya ng'ombe, yale ya baiskeli?"

"Apana. Zile ng'ombe zimeolewa," alisema, akilamba. "Ukikunywa unashikwa homa. Na mutoto wa mu tumbo anakufa. Papa anasemaka."

Mkewe Dogiteri alinisogezea sahani. "Kula, mama, kuku inapoa." Dogiteri alikuwa akikata ndizi yake vipande vidogo sana. Nilikula, kwa sababu nilikuwa mgeni. Ile lugha haikuwa ya maabara tena, basi. Ilikuwa imekwisha kufika majumbani, kwa wake zao, kwa watoto wao, pengine kwa shemeji na majirani wa ukuta mmoja. Mtoto asiyejua kufunga viatu alipewa maana yake. Mama Shabani, aliyevaa kitenge kipya akaja kuuliza kwa mdomo wake, hakupewa.

Nilirudi Buyenzi kwa miguu. Zaituni alikuwa kwenye cherehani. Nilimweleza mtoto alivyosema, neno kwa neno, na mguu wake ukasimama juu ya pedeli.

"Mutoto alisema ivo?"

"Hivyo hivyo."

"Wa miaka ngapi?"

"Sita."

Alichomoa uzi kwenye sindano, akauviringa kwenye kidole. "We ulituambia, sikukusadiki sana. Pole. Lakini mutoto hawezi kujua kutunga kitu kama hicho." Kisha akasema, taratibu, "Basi ile siku walikuwa wananicheka mimi."

Kuanzia siku hiyo hakugusa maziwa. Mama Shabani alinuna, akasema tunaua kiumbe kwa ujuaji wetu, lakini Zaituni alikuwa na ukaidi wa watu wapole, ambao hauna mlango. Tatizo ni kwamba homa ilikuwa imekwisha kuanza. Ilikuja jioni na kuondoka asubuhi, ikamwacha amelowa, viungo vinamuuma kama mzee. Tulimpeleka hospitali. Walimpa vidonge vya malaria. Homa ikarudi, tukamrudisha, wakampa tena vya malaria, vikali zaidi. Nilimwambia muuguzi jina la ugonjwa niliokuwa nikiushuku. Alikuwa mwanamke mwenye macho mekundu ya kukesha, na hakunidharau, hata kidogo.

"Dada, huo hauko hapa mujini," alisema. "Ungekuwa uko, watu wa mifugo wangetuambia."

Nimeishi na sentensi hiyo. Sitasema kwamba ni maziwa yaliyofanya yaliyofuata. Hakuna aliyepima damu yake, na mimi nimefundishwa kutosema nisichopima. Lakini kwa nini haikupimwa? Kwa sababu muuguzi yule mchovu aliwaamini wenzake. Aliamini kwamba mahali fulani mjini kuna nyumba ya rangi ya samli ambamo watu wanatazama mabomba ya kioo kwa niaba yake, na wakiona kitu watasema. Tuliona. Tulikitungia utani.

Mtoto alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, mchana, na hakulia. Wanaume wa mtaani walimchukua wakamzika. Shabani alikuwa bado Uvira.

Siku ya tatu kina mama walikuwa wamejaa uani, wamekaa kwenye mikeka, wananong'ona, wanakunywa chai. Dogiteri Anselimi alikuja alasiri, amevaa suti, amebeba katoni ya maziwa ya unga. Aliletewa kiti, cha pekee kilichokuwapo, akakaa juu yetu sote na katoni miguuni. Alisema pole. Alisema ni mapenzi ya Mungu. Alisema Zaituni bado ni kijana. Wanawake waliitikia kila neno, kwa heshima, kwa sababu mtu mkubwa alikuwa ametoka mbali kuja kulia nao. Zaituni alikuwa ameegemea ukuta, kanga imemfunika mpaka kidevuni.

"Dogiteri, aksanti kwa kuja," alisema. "Niko na swali."

"Uliza, mwanangu."

"Ng'ombe ikiolewa, inapata nini?"

Alitabasamu, kisha tabasamu likakosa pa kukaa. "Zaituni. Siyo siku yake, leo."

"Ni siku yake. Siku ingine itakuwa ya mutu mwingine. Mi niliacha shule mapema, sikujua Kiswahili yenu ya kule. Waeleze hawa wamama. Kuna wenye wako na mimba hapa. Ng'ombe ikiolewa."

Mwanamke mmoja mwenye tumbo kubwa, jirani wa nyumba ya tatu, aliitazama bilauri aliyoishika na kuiweka chini. Dogiteri aliangalia viatu vyake. Tulimngoja. Nataka ijulikane kwamba tulimngoja. Alikuwa na nafasi ndefu kuliko ambayo watu wengi hupewa, na mlango ulikuwa wazi, na neno lilikuwa moja tu. Hakulisema. Basi nikalisema mimi. Nilieleza pete, nikaeleza kuolewa, nikaeleza chumvi, nikaeleza kopo la mezani kwake. Nilipomaliza, Mama Shabani alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili. "Nilisema mashallah," alikuwa akisema ndani ya viganja. "Mi nilisema mashallah." Wanawake hawakupiga kelele. Walinyanyuka mmoja mmoja, wakamshika Zaituni mkono, wakatoka haraka, kila mmoja kwake, na kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa unajua. Dogiteri alibaki kwenye kiti chake mpaka mikeka ikawa mitupu, kisha akaondoka bila kuaga, na katoni ikabaki. Asubuhi Barinabe alipita na madumu yake, na kila mlango ukakataa. Alirudi na maziwa yote. Alikuwa analia, mwanamume mzima, akiuliza watu ng'ombe wake wamefanya nini.

Baada ya siku chache walikuja wanajeshi, ofisa kijana na askari wawili, mchana kweupe. Mimi nilikuwa mlangoni pa chumba changu. Ofisa alikuwa na adabu.

"Mama, kuna maneno inatembea juu ya maziwa ya Mukubwa. Imetoka hapa. Nani aliwaambia?"

Mama Shabani alikuwa anakunja vitenge. Alimaliza kukikunja alichokishika, akakilaza juu ya vingine, akakinyoosha.

"Dogiteri Anselimi," alisema. "Wa maabara."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Alikuja hapa, na suti. Alikaa ku kiti ile pale. Wamama wote wakiwa hapa. Uliza avenyu nzima kama hakukuja."

Waliuliza, na kila nyumba ikasema ndiyo, alikuja, tulimwona, alikuwa na suti, alikaa kwenye kiti, na tulipotoka pale ndipo tulipojua. Hakukuwa na uongo katika maneno yao, ila mdomo waliouacha bila kuutaja ulikuwa wangu.

Walimwita akahojiwa siku moja. Angekana vipi, akiwa ameonekana na mtaa mzima? Kusema kweli hawakumfanya kitu. Walikuwa wamekwisha kuchoshwa na ng'ombe wanaotupa mimba, na ng'ombe wenyewe wakaondolewa, wakapelekwa sijui wapi, na sitaki kufikiria nyama yao ililiwa na nani. Aliporudi maabara alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu, uso wake wa kijivu.

"Mumeniua," alisema. "We na wale wamama."

"Si ulimwambia, Dogiteri?" nilimjibu. "Nilikusikia."

Hatukuzungumza tena mpaka nilipoondoka. Amani ilipokuja, wakati ambao kila mtu mwenye cheo alihitaji kuwa na siku aliyowahi kuitwa na kuhojiwa, aligundua kwamba Mama Shabani alimpa yake. Nasikia alianza kuisimulia polepole, kwenye vikao, kwenye semina, mwanzoni kwa aibu. Kufikia uzee wake ilikuwa nyumba kwa nyumba.

Baada ya kutazama video nilimpigia Zaituni. Anaishi Ruziba siku hizi na Shabani, wana binti wawili wakubwa, bado anashona. Mama Shabani tulimzika kwa simu miaka mingi iliyopita, mimi nikilia huku na wao kule. Nilimsomea Zaituni yaliyosemwa chini ya hema. Nilikuwa napiga kelele, nadhani.

"Mi nilienda ku mazishi," alisema.

"Ulienda?"

"Ni jirani ya mukwe wangu. Nilienda, nilikaa nyuma. Nilikuwa nangoja waseme mutoto. Kama walisema ameokoa watoto wa Buyenzi, nilisema, labda watasema na mwenye hakuokolewa. Hawakusema." Nilisikia mkasi ukikata kitambaa, mkato mrefu, bila kusita. "Alikuwa na jina, unajua? Nilimupa. Hata Shabani nilimuambia kisha, akirudi."

Nilimuuliza jina gani. Miaka yote ile sikuwahi kujua, na niliuliza kwa moyo wote.

"Apana," alisema Zaituni. "Nikikuambia, we utaliandika."